Usiihukumu laptopu kwa gemu la mwaka huu

Februari 2018 kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa nyongeza ya gemu lake la Civilization VI, na katika nyongeza hiyo, iitwayo Rise and Fall, Kilwa Kisiwani iliingia kwenye orodha ya maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Masharti yake yanaeleweka kwa kila aliyewahi kuvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko: kiwanja kiwe tambarare na kipakane na bahari. Ujenzi ukikamilika, dola ya mchezaji hupata wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji huru, na urafiki na miji hiyo huongeza mapato ya mji wenye jengo hilo. Kanuni hiyo inaifuata historia kwa karibu, maana Kilwa ilitajirika kwa kushika biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala na kwa kuelewana na miji mingine ya pwani, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta ni mji uliostawi. Kabla ya hapo, gemu la Europa Universalis IV la kampuni ya Paradox ya Sweden, lililotoka Agosti 2013, lilikuwa limekwisha kumruhusu mchezaji kuishika Kilwa yenyewe kuanzia Novemba 1444, miaka 61 kabla Wareno wa Francisco de Almeida hawajauteka mji huo mwaka 1505.

Kwa hiyo mtu wa Stockholm au Chicago amekuwa akiijenga na kuitawala Kilwa kwa miaka mingi. Swali ni kama kijana wa Kilwa Masoko, Kivinje, Nangurukuru au Lindi mjini anaweza kufanya hivyo kwa kompyuta aliyonayo. Kompyuta hiyo aghalabu ni laptopu iliyokwisha kufanya kazi ya ofisi: HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyotumika ng'ambo, ikauzwa Kariakoo, kisha ikapanda basi la kusini. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita hadi cha nane, RAM ya GB 8, na haina kadi ya picha ya peke yake. Jibu ambalo mwenye laptopu hiyo huambiwa mara nyingi ni kwamba mashine yake ni ya kuandikia barua, magemu awaachie wenye mashine za magemu. Nasema jibu hilo si sahihi. Laptopu ya kawaida inabeba sehemu kubwa ya magemu yanayoitwa mazito, mradi uzito upimwe kwa mwaka wa gemu na ukubwa wa picha. Na katika pwani ya Lindi, joto, chumvi na bando huikwamisha mashine mapema kuliko udhaifu wa prosesa.

Uzito wa gemu unatoka wapi

Gemu huchora picha upya mara nyingi kwa kila sekunde. Likichora fremu 30, mashine ina milisekunde 33 za kukamilisha kila fremu. Likichora 60, inabaki na milisekunde 17 hivi. Kila fremu nayo ina pikseli zake za kupakwa rangi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukishusha picha hadi 1280 kwa 720 zinabaki 921,600, yaani chini ya nusu. Mtu anayeshusha picha namna hiyo na kukubali fremu 30 badala ya 60 ameipunguzia mashine kazi ya kuchora hadi pungufu ya robo, na ramani, kanuni, hadithi na ushindani vimebaki vilevile. Wengi hukosea hapa. Hulifungua gemu kwa mpangilio liliokuja nao, likikwama huifunga mashine na kutoa hukumu, ilhali dakika kumi kwenye ukurasa wa mipangilio ya picha zingewapa jibu tofauti: vivuli vizimwe, picha ishushwe, ukungu na mwanga wa majini vipunguzwe, kisha gemu lijaribiwe upya.

Ushahidi mwingine uko kwenye masharti ya watengenezaji wenyewe. Civilization VI lilipotoka Oktoba 2016, masharti yake ya chini yalikuwa prosesa ya Core i3 ya GHz 2.5, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 12 kwenye diski. Na katika orodha ya vifaa vya picha vinavyokubalika iliwekwa Intel 530, ambayo imo ndani ya prosesa na hainunuliwi kando. Kifaa hicho kina vitengo 24 vya kukokotoa picha. Intel 520 iliyo kwenye laptopu nyingi za kizazi cha sita, na Intel 620 ya kizazi cha saba na cha nane, navyo vina vitengo 24, ingawa mwendo wake unaweza kuwa chini kidogo. Zaidi ya hapo, gemu hili huchezwa kwa zamu. Fremu zikishuka hadi 20 hakuna adui atakayekuua kwa sababu ulichelewa kubonyeza, na mchezaji anaweza hata kubadili ramani ikawa bapa, yenye alama tu bila milima na mawimbi yanayosogea, kazi ya picha ikapungua sana. Europa Universalis IV nalo hutegemea zaidi prosesa na RAM kuliko picha. Magemu yote mawili yenye Kilwa ndani yake, kwa hesabu hii, yako ndani ya uwezo wa laptopu ya mwalimu au karani wa halmashauri.

Atakayesema nimechagua magemu ya kufikiri kwa makusudi nampa mfano wa gemu la mbio na risasi. Grand Theft Auto V lilitoka kwa kompyuta Aprili 2015, na wakati huo liliitwa zito kwelikweli. Masharti yake ya chini yalikuwa RAM ya GB 4 na kadi ya picha ya NVIDIA 9800 GT, kifaa kilichokuwa tayari kizee. Leo, kwenye 1280 kwa 720 na michoro ya chini, Intel 620 hulichezesha kwa fremu 30 hivi. Uzito wa mwaka 2015 umekuwa mzigo wa kawaida, kwa sababu gemu hubaki lilivyotengenezwa wakati chipu zinaendelea kuboreshwa. Tazama pia Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya magemu iliyotoka Februari 2022. Chipu yake hutumia kati ya wati 4 na 15, kiwango kilekile kilichopangiwa prosesa za laptopu nyembamba za ofisini, na bado watengenezaji wa Cyberpunk 2077, moja ya magemu mazito ya muongo huu, waliiandalia mpangilio wake maalumu. Chipu ya Steam Deck ni mpya zaidi na sehemu yake ya picha ni kubwa kuliko ya Intel 620, kwa hiyo silinganishi nguvu zake. Ninachoonyesha ni kwamba umeme kidogo na umbo dogo si kizuizi cha gemu zito; skrini ya Steam Deck ni ya 1280 kwa 800 tu, na walioitengeneza waliichagua wakijua kwamba pikseli chache ndizo zinazoiwezesha chipu ndogo.

Nafasi tupu chini ya kifuniko

Fundi akifungua kifuniko cha chini cha ThinkPad T480 au EliteBook 840 ya kizazi cha tano, ataona nafasi mbili za RAM zikiwa zimepangwa pamoja. Mashine nyingi za namna hii huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha GB 8 upande mmoja, na upande wa pili mtupu. Kwa anayeandika barua, hilo halina tatizo. Kwa anayecheza gemu ni hasara kubwa, kwa sababu kifaa cha picha kilicho ndani ya prosesa hakina kumbukumbu yake, hutumia RAM ileile ya kompyuta. Kijiti kimoja cha DDR4 cha mwendo wa 2400 hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Vijiti viwili hupitisha 38.4. Kadi ya picha ya GTX 1650, ambayo ni ya daraja la chini kati ya kadi za magemu za 2019, ilitoka ikiwa na GB 128 kwa sekunde peke yake. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini laptopu hukwama: vitengo 24 vya kukokotoa viko tayari, lakini takwimu zinazohitajika ziko foleni kama magari yanayosubiriana kwenye daraja la njia moja. Kuongeza kijiti cha pili chenye ukubwa sawa na cha kwanza ni marekebisho ya bei ndogo yenye manufaa makubwa kuliko jingine lolote kwa laptopu isiyo na kadi ya picha, na faida yake huonekana kwa macho siku hiyohiyo. La pili ni kuondoa diski ya zamani inayozunguka, kama bado ipo, na kuweka SSD. Haitaongeza fremu, ila gemu litafunguka haraka na ramani hazitachelewa kutokea.

Tahadhari moja inafaa hapa. Baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyogandishwa kwenye bodi, na hizo hazina nafasi ya kuongeza. Anayenunua mashine ya mtumba aulize kabla ya kulipa: ina nafasi ngapi za RAM, na ngapi ziko tupu? Muuzaji anayeijua biashara yake atajibu papo hapo, na kama hajui, kufungua kifuniko ni kazi ya dakika chache.

Kaskazi, chumvi na feni

Majaribio mengi ya laptopu ambayo watu huyasoma au kuyatazama yamefanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 hadi 22. Kilwa katika miezi ya kaskazi, chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 31 mchana bila taabu. Joto la chipu hujengeka juu ya joto la chumba, kwa hiyo nyuzi kumi za ziada chumbani ni karibu nyuzi kumi za ziada kwenye chipu. Prosesa za Intel za aina hii zimewekewa ukomo wa nyuzi 100. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Mchezaji huona gemu likienda vizuri kwa robo saa ya kwanza kisha linaanza kukwama, akadhani mashine imechoka au ina virusi. Kumbe prosesa inajiokoa.

Hewa ya pwani huongeza tatizo la pili. Feni huvuta hewa hiyo mfululizo, na pamoja nayo vumbi laini na chembe za chumvi. Ukifungua laptopu iliyokaa miaka miwili karibu na ufukwe, utakuta kati ya feni na mapezi ya shaba pametanda blanketi la kijivu lenye unyevu, kwa sababu chumvi hunyonya maji ya hewani na kuyashika pamoja na vumbi. Watu wa Kilwa na Lindi, kwenye mashamba ya chumvi, wanajua chumvi hufanya nini kwa chuma. Hufanya vivyo hivyo kwa miguu ya shaba ya RAM na soketi ya chaji. Tiba yake haihitaji mashine mpya. Laptopu ifunguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, peisti iliyokauka kati ya prosesa na bomba la shaba ibadilishwe, mashine isichezewe gemu ikiwa juu ya godoro au kitambaa, na inyanyuliwe kidogo upande wa nyuma ili hewa ipite. Ndani ya gemu fremu ziwekewe ukomo wa 30. Na katika mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, ile kasi ya ziada ya prosesa huzimika; kwa kuwa prosesa na kifaa cha picha hugawana wati zilezile 15, mara nyingi picha hupata nafasi zaidi na joto hushuka, gemu likaenda kwa mwendo mmoja bila kupanda na kuporomoka.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba magemu mapya hayatafunguka, na hiyo ni kweli. Indiana Jones and the Great Circle la Desemba 2024 linadai kadi yenye vifaa maalumu vya kukokotoa miale ya mwanga, kuanzia RTX 2060 Super; hapo hakuna mpangilio wa chini utakaookoa laptopu ya ofisi. Civilization VII la Februari 2025 nalo limepandisha kiwango hadi kadi ya daraja la GTX 1050. Anayetaka hasa magemu hayo, katika mwaka wake wa kwanza, anahitaji mashine nyingine, na kumwambia vinginevyo ni kumdanganya. Lakini tuangalie anacholipia. Gharama ya laptopu ya gemu ni mara kadhaa ya ile ya mtumba wa ofisi, na ndani ya miaka mitano magemu ya wakati huo yatakuwa yameipita. Mwenye kucheza nyuma ya wakati kwa miaka kadhaa, kwa upande wake, hukuta gemu limekwisha kurekebishwa kasoro zake na bei imeshuka. Civilization VI limewahi kuuzwa kwa punguzo la asilimia 90, na Mei 2020 duka la Epic liligawa bure Grand Theft Auto V na, wiki iliyofuata, Civilization VI. Wanaofuatilia matoleo ya namna hiyo hawana sababu ya kubeba magemu ya kunakili kwenye flashi, ambayo ni wizi na ndiyo njia kuu ya virusi kuingia kwenye kompyuta ya familia.

Hoja ya pili husema kwamba siku hizi huhitaji nguvu nyumbani, kwani gemu linaweza kuendeshwa kwenye seva ya mbali na wewe ukaletewa picha tu kwa intaneti. Kwa Lindi hesabu inakataa. Huduma ya GeForce NOW inapendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 720. Kasi hiyo kwa saa moja ni karibu GB 7, na hakuna bando la nyumba ya kawaida linalovumilia saa mbili za namna hiyo kila jioni. Uhakika wa mtandao wenyewe pia ni mdogo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya kuipiga pwani yetu na mafuriko kuikata barabara ya kusini. Gemu lililokwisha kuwekwa kwenye diski lingechezeka siku zote hizo. Hata kulipakua kunahitaji mpango: gemu la GB 70 kwa kasi ya megabiti 5 huchukua saa 31, hivyo ni busara kulipakua pale penye mtandao wa uhakika na kulisafirisha kwa diski ya nje. Umeme nao hukatika, na laptopu yenye betri nzima humpa mchezaji muda wa kuhifadhi alipofikia, jambo ambalo pleistesheni ya kibandani haiwezi.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni ya mzazi: kwa nini nimsaidie mtoto kucheza badala ya kusoma? Wasiwasi huo una msingi, na saa za kucheza lazima ziwekewe mipaka. Lakini mtoto wa leo anacheza tayari, kwenye simu au kwenye vibanda vya kulipia kwa mechi, na huko hajifunzi chochote kuhusu mashine inayomchezesha. Kijana anayeifanya laptopu ya ofisi ibebe gemu zito amelazimika kujua RAM ni nini, joto hupunguzaje kasi, pikseli huhesabiwaje na nafasi ya diski hugawanywaje. Hayo ndiyo maarifa ya kwanza ya ufundi wa kompyuta. Na mashine ileile ina uwezo wa kuendesha Godot, programu ya bure ya kutengenezea magemu. Kilwa, ambayo magofu yake ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, imeingizwa kwenye magemu na Wamarekani na Waswidi. Hakuna sababu ya kiufundi ya kumzuia kijana wa Kilwa asitengeneze Kilwa yake mwenyewe, yenye kasri la Husuni Kubwa, mashua za mitepe na maneno ya Kiswahili, kwa laptopu aliyonayo.

Basi hukumu yangu ni hii. Laptopu ya kawaida haitacheza kila kitu, na si lazima icheze kila kitu. Itacheza mengi ya magemu yaliyokuwa mazito zama za Grand Theft Auto V na Civilization VI, kwa picha ya 720 na fremu 30, ikiwa ina vijiti viwili vya RAM, SSD na feni safi. Mzazi, mlezi au kijana unayejiandaa kununua mashine ya bei kubwa kwa ajili ya gemu, anza na hatua hizi: fungua kifuniko uone nafasi za RAM, safisha feni, shusha mipangilio ya picha, kisha soma masharti ya chini ya gemu unalolitaka kabla ya kulipa. Ukifanya hivyo na mashine bado ikashindwa, sasa nunua nyingine. Lakini usitoe akiba ya familia kwa sababu ya neno la muuzaji ambaye hajaifungua laptopu yako hata mara moja.